Je, Uvimbe wa Mtoto Una Mwenye Hatia?

Mtoto akivimba taya ghafula, meno yakaanza kulegea, hapa kwetu Rutamba swali la kwanza mara nyingi huwa, "Ni nani aliyemtenda?" Wengine humtazama jirani kwa jicho la shaka, wengine humnong'ona mama yake, kana kwamba tumbo lake ndilo lililoleta balaa. Twapenda kulipima swali hilo, maana gharama yake ni kubwa kuliko watu wadhanivyo.

Kila mmoja wetu alianza kwa seli moja tu, chembe ndogo mno. Ikagawanyika, zikawa mbili, nne, hata maelfu, na zote zikachukua jeni zilezile, yaani maagizo ya mwili tuliyorithi kwa baba na mama. Basi yawaje nyingine ziwe jicho na nyingine mfupa? Zimo protini, aina zake zapata 1,600, ambazo kazi yake ni kuiamsha jeni hii na kuilaza ile. Wazee waliokata mkonge katika mashamba ya Lindi watatuelewa upesi: mnyapara hakati hata jani moja, lakini asipopiga kengele asubuhi hakuna kazi, na asipoipiga jioni watu hawapumziki.

Mmoja wa wanyapara hao huitwa Myc. Yeye huhimiza seli zikue na kugawanyika. Wataalamu walipoiondoa jeni yake katika panya, vijusi vilikufa tumboni. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba Myc ni mbaya. Pasipo yeye hapana mtoto.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alianza kuangalia kwa makini watoto wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kiasi cha kilometa 16,000, toka Uganda hata kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakaona kwamba saratani hiyo ni ya nchi za joto na mvua. Penye baridi ya milimani ni adimu. (Kwa maoni yetu, safari ile ina elimu kuliko vitabu vingi.) Mwaka 1964 vilionekana ndani ya seli zake virusi viitwavyo Epstein-Barr, na mwaka 1982 ikajulikana yaliyompata Myc. Mara nyingi katika seli moja ya kinga, kromosomu ya 8 na ya 14 zimekatika, zikaungana vibaya, na jeni ya Myc imehamia karibu na jeni za kutengeneza kinga ya damu, ambazo katika seli hizo hazilali. Mnyapara yuleyule sasa apiga kengele usiku na mchana. Tena malaria ya mara kwa mara huzichokoza seli za kinga zigawanyike, na hapo makosa ya namna hiyo hupata nafasi.

Nani basi ana hatia? Mama hana, kwa kuwa mkatiko huo haukurithiwa. Ulitokea katika mwili wa mtoto mwenyewe. Jirani hana. Wako watakaosema kwamba twawaondolea watu wajibu. Sivyo hata kidogo. Uvimbe huu huweza kuwa maradufu kwa siku chache tu. Juma moja la kumtafuta mchawi ni juma moja la kuulisha. Kukatika kwa kromosomu si tendo la mtu, lakini kukawia ni tendo letu.

Si kila taya lililovimba ni saratani. Jino bovu nalo huvimbisha, na ni daktari awezaye kupambanua. Dawa za saratani hii zipo, na watoto wengi wawahio hupona. Apelekwe zahanati upesi, kisha Lindi, Nyangao au Ndanda, na ikibidi Muhimbili. Fedha ambazo ukoo huchanga kwa ajili ya ramli zaweza kuwa nauli, na mama akaketi garini na mwanawe mapajani bila kuinamisha uso.