Nunua Kabla Hujaoa

Vijiweni kuna ushauri unaopitishwa mkono kwa mkono kama sigara moja ya watu wanne: kama lipo gitaa unaloliota, linunue kabla hujaoa. Ukishaoa, basi tena. Kutakuwa na kodi ya nyumba, maziwa ya mtoto, ada, na mwenzio atakayekutazama kwa jicho la pembeni kila utakapolishika. Kwa hiyo wahi, bwana. Jipe raha yako sasa, halafu ingia ndoani ukiwa umeshiba.

Mimi ninaoa, Mungu akipenda, kabla mwaka huu haujaisha. Mahari nimekwisha kuitenga na haiguswi. Pembeni nina akiba ya shilingi milioni mbili na laki sita, niliyoikusanya kwa miaka mitatu ya chai ya rangi na daladala za kusimama. Na gitaa ninaloliota lipo. Kwa hiyo suala hili kwangu si la kupigia soga, linanihusu mfukoni. Nawe ndugu msomaji, kama hupigi gitaa bali unaandika, weka kompyuta mahali pa gitaa, au ule mwaka mmoja unaotaka kuacha kazi umalizie riwaya yako. Hesabu ni ileile.

Gitaa lenyewe ni Gibson ES-335. Lilitoka mara ya kwanza mwaka 1958, na ujanja wake uko tumboni: pembeni kuna uwazi kama wa gitaa kavu, lakini katikati limepitishwa gogo zima la mbao kuanzia shingoni hadi mkiani. Unapata ule uzito wa sauti ya gitaa lenye tumbo, bila yowe linalotokea gitaa la namna hiyo likisogea karibu na spika. Jipya linauzwa zaidi ya dola 3,000. Hizo sina, wala simwoni wa kunipa. Lakini kuna Epiphone, chapa iliyonunuliwa na wenye Gibson mwaka 1957, ambayo siku hizi huunda umbo hilohilo huko Asia kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Ukijumlisha usafiri na ushuru, hilo linameza karibu akiba yangu yote. Masela wangu wananicheka kwamba nanunua jina la mdogo mtu. Wacha wacheke. Wanaodharau gitaa kwa jina wakumbuke kwamba John Lennon, siku alipokutana na Paul McCartney mwaka 1957, alikuwa na Gallotone Champion, gitaa rahisi la Afrika Kusini alilonunuliwa na mama yake. Wazee wetu wa dansi wanaliita gitaa kavu galatoni, na ukilitamka neno hilo polepole utasikia linakofanania.

Sasa turudi kwenye ushauri. Umesimama juu ya dhana kwamba fedha ya kapera ni ya kapera. Hebu tuwe wakweli. Kapera gani huyo, wa mji gani? Mwezi uliopita nilichangia misiba miwili, sendofu moja na kipaimara cha mtoto ambaye jina lake silijui hadi leo. Bi mkubwa anatumia dawa za presha kila siku inayokwenda kwa Mungu. Mdogo wangu yuko kidato cha pili katika shule ya serikali. Ada ilifutwa tangu 2016, sawa, lakini sare, madaftari na nauli havikufutwa, na miguu yake inakua kwa kasi ya kutisha. Hao wote wapo. Wana majina, wana namba zangu za simu, na wanazipiga.

Hapo ndipo ninapoona kioja. Ukimuuliza kijana kwa nini anaharakisha, atasema anamwogopa mtoto atakayezaliwa: huyo atakuwa na haki juu ya fedha yake. Lakini mdogo wake aliyekwisha kuzaliwa, mwenye viatu vilivyotoboka, hana haki? Kama haki ya mtoto itaharamisha gitaa baada ya ndoa, haki ya mdogo wangu inaliharamisha leo. Na kama ya mdogo wangu hailiharamishi leo, sioni ni kwa nini ya mtoto iliharamishe kesho. Tarehe ya harusi haibadilishi kitu. Nadhani tunapenda kumtaja mtoto ambaye hajazaliwa kwa sababu huyo hana simu.

Usinielewe vibaya. Siko upande wa wale wanaosema kila senti ni ya mwenye shida. Kama ni hivyo, basi hakuna wimbo uliopata kutungwa kihalali, maana tangu dunia iumbwe haijatokea siku shida zikaisha ili watu waanze kupiga muziki. Ninaamini mtu aliyetoa anachopaswa kutoa ana haki ya kubakiwa na kitu chake, awe kapera, awe ameoa, awe babu wa wajukuu kumi. Ninachokataa ni ile kabla. Inafanya haki hiyo ionekane kama wizi wa haraka, wa kufanya wenye nyumba wakiwa bado safarini.

Mtaa wa pili kutoka kwetu anakaa mzee mmoja aliyepiga solo katika bendi za dansi kwa zaidi ya miaka ishirini. Jina lake nalihifadhi, mwenyewe hapendi. Kwa wale waliozaliwa juzi, nieleze kidogo jinsi mambo yalivyokuwa. Bendi zetu nyingi kubwa zilikuwa za mashirika na vyama. NUTA Jazz ilianzishwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1964, ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo tunaijua kama Msondo Ngoma. Mwanamuziki aliajiriwa kama karani alivyoajiriwa. Magitaa, spika, ngoma, yaani vyombo kwa lugha ya fani, vilikuwa mali ya mwenye bendi. Ukihama bendi unaondoka na vidole vyako na shati lako. Nyimbo nyingi ambazo leo tunazililia na kuziita zilipendwa zilipigwa na watu wasiomiliki hata waya mmoja wa gitaa walilolishika.

Nilikwenda kwake nikitarajia aniambie kwamba gitaa si kitu, kipaji ndicho kitu. Hivyo ndivyo wazee husema, na nilikuwa tayari nimeandaa kichwa cha kutikisa. Nilimpa shikamoo, nikamweleza shida yangu. Akaniuliza kama nimekwisha kumaliza mambo ya ukweni. Nikamwambia bado, lakini mahari ipo. Akanyamaza kidogo, akaniambia, "Nunua, mwanangu. Mimi watoto wangu sita walisoma kwa gitaa, lakini hakuna hata mmoja aliyeniona nikilipiga."

Sikumwelewa mpaka alipofafanua. Bendi ilipiga usiku, baa, mpaka majogoo. Mtoto haruhusiwi huko. Mchana vyombo vilifungiwa ghala. Watoto walimsikia baba yao kupitia Radio Tanzania, kama watoto wa watu wengine wote walivyomsikia, na pengine hawakujua lipi kati ya yale magitaa lilikuwa la kwake. Bendi ilipokufa, alirudi nyumbani mikono mitupu. Kulinunua gitaa uzeeni hakuona maana, kwani watoto walikwisha kuondoka.

Nilitoka pale nikiwa nimevurugika, kwa sababu mzee ameniunga mkono kwa sababu iliyo kinyume na yangu. Mimi nilitaka gitaa la kukimbilia nalo mbali na familia. Yeye alilitaka la kuingia nalo ndani.

Halafu kuna suala la saa, ambalo washauri wa kijiweni hawaligusi kabisa. Wao wanahesabu shilingi. Shilingi unazilipa mara moja, yakaisha. Gitaa linataka saa moja kila siku, na ukitaka liseme kweli linataka tatu, na linazidai miaka yote baada ya harusi hata kama ulilinunua miaka mia kabla. Mtazame B.B. King. Mwaka 1949 alikuwa akipiga katika ukumbi mmoja wa Twist, Arkansas, watu wawili wakapigana, wakaangusha pipa la mafuta ya taa lililokuwa likiwaka kwa ajili ya joto, ukumbi ukashika moto. Yeye alikwisha kutoka salama, akarudi ndani kuokoa gitaa la dola 30. Watu wawili walikufa katika moto ule. Kesho yake akasikia kwamba ugomvi ulikuwa juu ya mwanamke aitwaye Lucille, na tangu hapo magitaa yake yote akayaita jina hilo. Sisi vijana tunaisimulia kama hadithi ya mapenzi. Mwenyewe alieleza kwamba alilitoa jina lile kujikumbusha asirudie ujinga wa namna ile.

Mtu huyohuyo mwaka 1956 alipiga maonyesho 342. Toa hiyo katika siku za mwaka, uone zilizobaki za kukaa nyumbani. Alioa mara mbili, na ndoa zote mbili zikavunjika, safari zikitajwa miongoni mwa sababu. Hakuna aliyesema zilivunjika kwa sababu ya bei ya gitaa. Kwa hiyo anayekuambia nunua kabla ili baadaye pasiwe na ugomvi, anakutuliza kwa dawa isiyo ya ugonjwa wako. Ugomvi, kama upo, utaanza siku ya kwanza utakapofunga mlango ufanye mazoezi huku mtoto analia chumba cha pili. Na kwa kodi za mji huu, chumba cha pili chenyewe ni pazia.

Hilo pazia, kusema kweli, limenisaidia kuchagua. Lile gitaa la mbao nene tupu bila umeme halisikiki, na umeme wetu unajulikana tabia yake. Galatoni linasikika mno. Litaamsha nyumba nzima. Hili la nusu uwazi, lisipochomekwa, linatoa sauti ndogo ya kumtosha mpigaji na mtu aliyekaa karibu naye. Nilikuwa nalipenda kwa umbo na kwa jina. Siku hizi nalipenda kwa sababu ya usiku ambao haujafika, mtu amelala, nami napiga taratibu.

Kimebaki kitu kimoja, na hiki kilisemwa na mchumba wangu, si mimi. Nilimweleza habari yote, ushauri wa masela pamoja na wa mzee. Alicheka, kisha akaniuliza, "Na mimi naambiwa ninunue nini kabla sijaolewa?" Nikakosa jibu. Yeye akanijibu mwenyewe: "Vyombo."

Ndugu zangu, neno ni lilelile. Kwa mwanamuziki vyombo ni magitaa na spika. Kwa binti ni masufuria, hotipoti, seti ya vikombe na beseni la kuogeshea mtoto. Shangazi zake wamemwanzishia kabati tangu alipomaliza kidato cha nne. Mvulana anaambiwa ajifaidi kabla familia haijamkamata. Msichana, muda huohuo, anaambiwa akusanye vifaa vya kumtunzia mvulana huyo. Kabla yangu ni yangu. Kabla yake nayo ni yangu. Sijawahi kusikia kijiwe cha wasichana wanaoambiana: shoga, kama kuna kitu unakiota, wahi kabla hawajaja na barua ya posa. Huenda kipo, nami sikaribishwi. Lakini kabati nimeliona kwa macho.

Anachokitaka yeye ni kumaliza mitihani ya uhasibu ya NBAA. Hufanyika mwezi Mei na mwezi Novemba, nayo ina ada zake, vitabu vyake na madarasa ya jioni. Amekuwa akiisogeza mbele mara mbili sasa kwa sababu ya michango ya nyumbani kwao, na hakuna aliyeuita mtihani huo ndoto. Waliuita masomo, yaani kitu kinachoweza kusubiri.

Tulikaa Jumapili moja tukapiga hesabu kwenye karatasi ya daftari. Fedha yangu ni yangu bado, alikumbusha mwenyewe, na hakuniomba. Lakini mtihani una tarehe, na gitaa halina. Novemba ataingia chumba cha mtihani, na laki nane katika ile akiba zitakwenda huko. Zitakazobaki hazitoshi gitaa; itabidi nijazie kwa miezi kadhaa, maana yake litafika tukiwa tumekwisha kuoana. Masela wameniambia nimelogwa.

Karatasi ile bado iko mfukoni mwangu. Tuliandika masharti, nusu kwa utani. La kwanza, gitaa litauzwa akiugua mtu wa nyumbani kwetu au kwao na fedha nyingine hakuna. La pili, halitauzwa kwa ajili ya sendofu, kipaimara, wala sare za harusi ya mtu yeyote, hata awe waziri. La tatu aliliandika yeye, kwa mwandiko wake wa kihasibu: litatundikwa ukutani sebuleni, si kuwekwa uvunguni.