Amana za Watu Ndani ya Filamu

Mwishoni mwa Oktoba 1952, mchoraji wa matangazo aliyeajiriwa katika kampuni moja ya Kolkata, India, alitoka nje kabisa ya mji na kamera siku ya Jumapili, kwa kuwa siku nyingine za wiki alikuwa kazini. Satyajit Ray hakuwa amewahi kuongoza filamu. Mpigapicha wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana mdogo tu, na ile ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Siku hiyo waliwapiga picha watoto wawili, msichana na mdogo wake wa kiume, wakiwa katikati ya nyasi ndefu za kash zenye maua meupe. Jumapili iliyofuata walirudi kuendelea, wakakuta ng'ombe wamepita na nyasi zote zimeliwa. Ikabidi tukio hilo lisubiri hadi nyasi zichanue tena msimu mwingine.

Filamu hiyo ni Pather Panchali, na ilichukua karibu miaka mitatu kukamilika. Fedha zilikatika, zikapatikana, zikakatika tena. Ray alikopa kwa dhamana ya bima yake ya maisha, akauza sahani zake za muziki, na vito vya mkewe, Bijoya, vikawekwa rehani. Mzee aliyeigiza muuza peremende alifariki kazi ikiwa katikati. Akatafutwa mwingine wa umbo kama lake, naye akapigwa picha kwa mgongo. Hata mbwa aliyekuwa akiwafuata watoto alikufa, na mwingine akaletwa kujaza nafasi yake.

Wanaoisimulia habari hii huisifu subira ya Ray. Subira ilikuwapo, sikatai, lakini mimi naona ndani yake jambo zito zaidi. Kati ya waigizaji wake alikuwamo Chunibala Devi, bibi wa miaka 80 hivi aliyewahi kucheza tamthilia zamani na ambaye dunia ilikwishamsahau. Kila mwezi ambao kamera ililala kwa kukosa fedha ulikuwa mwezi uliotolewa katika umri wa bibi huyo. Miaka baadaye Ray mwenyewe alieleza kwamba yalitokea mambo matatu ya kimiujiza: sauti ya yule mvulana haikubadilika, yule msichana hakukua akapitiliza, na bibi hakufa. Watu hao watatu walikuwa wamempa kitu ambacho hakirudishiki, na ambacho hakuna fedha ingeweza kukinunua mara ya pili. Baada ya kukipokea, Ray hakuwa na haki tena ya kuiacha filamu njiani.

Nimekuwa nikilitazama jambo hili kwa macho ya kwetu. Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, filamu ya bei ndogo hutengenezwa kwa ukarimu kuliko kwa fedha. Mwenye nyumba anakubali sebule yake ipinduliwe kwa wiki nzima. Mama lishe anapika kwa mkopo. Mwanafunzi wa chuo anabeba taa tangu alfajiri, na nauli anajitolea mwenyewe. Mwigizaji anaacha kibarua cha siku ile. Mjumbe wa mtaa anapita nyumba kwa nyumba akiwaomba majirani wazime redio. Karatasi ya mkataba mara nyingi haipo. Lipo neno moja tu, kwamba tutakumbukana. Watu wanakubali kwa sababu wameamini kuna kitu kinazaliwa, na siku moja watakiona na kusema hiki na mimi nilikuwamo. Kwa hiyo mwongozaji anayemaliza kushuti anaondoka na rundo la amana za watu. Amana ina sheria zake katika mila zetu zote za pwani na bara, na ya kwanza ni kwamba haikai kwa mtu hadi ikaoza.

Siku za kushuti zina raha yake. Kuna watu, kuna kelele, kuna chai ya pamoja, na kila mmoja anaulizwa leo mtaanza saa ngapi. Kisha kamera inafungwa, vifaa vya kukodi vinarudishwa, na mwongozaji anabaki na kompyuta na saa nyingi za picha ambazo bado si filamu. Hapo ndipo anapogundua kwamba mazungumzo muhimu kuliko yote yamefunikwa na bodaboda iliyopita dirishani, au mvua juu ya mabati, au jenereta la jirani. Mtazamaji anaweza kusamehe picha yenye giza kidogo. Maneno yasiyosikika hayasamehe, maana amepewa kazi ya kubahatisha kitu alichokuja kuambiwa. Kwa hiyo waigizaji waitwe tena wakarudie maneno yao ndani ya chumba kilichotandikwa magodoro, na wakati huo mmoja amehamia Mwanza, mwingine amebadilisha namba ya simu. Bado kuna kulinganisha rangi, kuna muziki, kuna kuandika tafsiri chini ya picha kwa ajili ya wasiojua lugha. Na mfuko umekwisha zamani, kwa sababu karibu kila mtu hupanga bajeti ya kushuti na kuyaachia Mungu yanayofuata.

Filamu nyingi za ukanda wetu zimefia hapa. Zimelala kwenye diski, ndani ya droo, na watu waliozitolea jasho wameacha kuuliza kwa sababu ya haya. Umaskini ni sababu mojawapo, lakini naamini sababu kubwa zaidi ni hofu. Filamu ambayo haijaisha haijakosolewa na mtu yeyote. Madhali iko kwenye kompyuta, bado inaweza kuwa kazi bora kuliko zote. Siku ikitoka, itakuwa hivi ilivyo na si zaidi. Kuisogeza sekunde hii mbele na ile nyuma kwa mwaka wa tatu kunaonekana kama bidii, na aliye ndani yake hujiona ni mtu wa viwango.

Ray alisubiri nyasi kwa kuwa tukio lile halikuwezekana bila nyasi. Lakini ilipofika tarehe, aliachia. Jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York lilitaka kuionyesha filamu yake Mei 1955, na wiki za mwisho yeye na mhariri wake Dulal Dutta walifanya kazi usiku na mchana. Ravi Shankar, ambaye ratiba yake ilijaa, alirekodi muziki katika kikao kimoja cha saa kama 11, usiku kucha. Nakala iliyofika Marekani haikuwa hata na tafsiri ya Kiingereza. Ilionyeshwa hivyohivyo.

Jirani yetu wa Uganda alikwenda mbali zaidi katika upande huo. Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali ili apate riziki, alianzisha studio nyumbani kwake Wakaliga, mtaa wa watu maskini katika jiji la Kampala, akaziunganisha kompyuta zake mwenyewe kwa vipande alivyookoteza. Mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano ambayo gharama yake, kwa masimulizi ya wengi, haikuzidi dola 200. Silaha zilitengenezwa kwa mbao na vyuma chakavu, waigizaji walikuwa watu wa mtaani, na umeme ulikatika ulivyotaka. Alipomaliza, hakuwa na nafasi ya kuhifadhi, akalazimika kufuta mafaili ya filamu hiyo ili aanze nyingine. Leo tunayoitazama imebaki katika nakala iliyowekewa sauti ya VJ Emmie, anayezungumza juu ya picha kama wafanyavyo wachambuzi wa vibanda vya video, akichekesha, akishangilia, akiwatambulisha wahusika kwa majina aliyowabandika yeye.

Inaniuma kwamba nakala safi haipo. Kazi ya watu ilistahili kuhifadhiwa vizuri kuliko hivyo. Hata hivyo naiheshimu sana hatua ile. Nabwana aliutazama uwezo wake kama ulivyo, akamaliza kwa huo, akawapa watu chao. Mtaa mzima uliocheza mle ndani ulijiona, na baadaye dunia nayo ikawaona.

Tukija kwenye kutangaza, wapo wasanii wazuri wanaojificha nyuma ya methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wanaona kubandika mabango, kuomba muda redioni au kusimama sokoni na kipaza sauti ni kujidhalilisha. Methali hii naiheshimu, na mahali pake inasema kweli. Kitambaa kikitandazwa gengeni, mpita njia anakiona na kukishika. Filamu haishikiki hivyo. Kabla mtu hajakaa mbele yake kwa saa moja na nusu, ana njia gani ya kujua kwamba ni nzuri? Lazima mtu amwambie, na anayeijua kuliko wote ni aliyeitengeneza. Ray, aliyetoka katika kazi ya matangazo, hakuona aibu: aliichorea filamu yake mabango makubwa mwenyewe, likiwamo moja la taa lililowaonyesha wale watoto wakikimbia. Ilipoanza kuonyeshwa Kolkata, watu walikuja kidogokidogo, kisha habari zikasambaa mdomo kwa mdomo hadi ukumbi ukajaa. Kule Wakaliga, waigizaji wenyewe walizibeba DVD na kwenda kuziuza mlango kwa mlango, wakipata sehemu ya mauzo, haraka kabla wezi wa nakala hawajaamka.

Kinachonisumbua ni ule utangazaji unaomdanganya mtazamaji. Trela inakusanya vituko vyote vya filamu nzima ndani ya dakika mbili, ilhali yenyewe ni hadithi tulivu ya mjane na shamba. Bango linabeba sura ya nyota aliyepita mbele ya kamera mara moja tu. Sifa zinanunuliwa, idadi ya watazamaji mtandaoni inapandishwa kwa ujanja. Mtu aliyelipa akajikuta ametapeliwa hatairudia filamu nyingine ya Kiswahili kwa muda mrefu, na atakayeumia ni kijana mwingine asiyehusika, anayehangaika na filamu yake ya kwanza. Kama hadithi ni tulivu, itangazwe kwa utulivu wake. Wapo watu wanaoitafuta, wala si wachache kama tunavyoambiwa.

Matamasha nayo yana heshima yake. Kuonyesha filamu Zanzibar, ndani ya Ngome Kongwe, chini ya anga, ni jambo ambalo mtengenezaji yeyote angelitamani, na napenda zaidi kwamba ZIFF, tamasha la filamu la huko, ilikuwa na desturi ya kuzipeleka filamu hadi vijijini Unguja na Pemba, kwa watu wasiofika mjini usiku. Tatizo ni filamu inayozunguka miji ya Ulaya miaka miwili, ikipigiwa makofi, huku mtaa uliotoa sebule, chakula na sura zake haujaona hata kipande. Masharti ya matamasha makubwa huchangia, kwa kuwa baadhi yanataka yawe ya kwanza kuonyesha. Lakini onyesho la faragha kwa waliofanya kazi, katika uwanja wa shule, kwa projekta ya kuazima na shuka nyeupe, kwa kawaida hujadiliwa na kukubalika ukiuliza mapema. Wanaouliza ni wachache.

Onyesho hilo linahitaji maandalizi kama lile la ukumbini. Majina ya mwisho yasomwe tena kabla ya kufunga filamu, na kila mmoja aulizwe jina lake linaandikwaje, mama lishe na mjumbe wakiwamo. Mwenye nyumba apewe kiti cha mbele. Na filamu ikianza kuingiza chochote, hata kama ni kidogo kiasi cha kutolipa deni la jenereta, wale walioambiwa tutakumbukana waitwe waonyeshwe daftari: nini kimeingia, kimekwenda wapi, nani ameshalipwa na nani bado anadai.