Madirisha Mawili, Hati Moja

Njia mbili zilimshinda fisi, walisema wahenga. Msemo huo nakaa nao sana hapa Ruhuwiko, Songea, kwa sababu kazi yangu ya uandishi wa habari hunikuta na njia nyingi kuliko za fisi. Kwenye kompyuta huwa nimefungua madirisha saba, nane, siku nyingine kumi na mawili: rasimu, mahojiano, ripoti, kamusi. Je, mtu mwenye madirisha mengi anaona zaidi, au anajidanganya tu kwamba anaona?

Hebu tuanze na mashine yenyewe. Toleo la kwanza la Windows, lililotoka Novemba 1985, lilipanga madirisha ya programu bega kwa bega kama vigae vya sakafuni. Hakuna dirisha lililoruhusiwa kulilalia jingine. Toleo la pili, la mwaka 1987, ndilo lililoruhusu madirisha kulaliana, jambo ambalo watafiti wa Xerox kule California walikuwa wamelifanya tangu miaka ya 1970. Tukapata nafasi zaidi. Ila pamoja na nafasi tukapata kitu kingine: dirisha lililo wazi lakini halionekani. Hujalifunga, hujalikataa, umeweka tu jingine juu yake. Mtu anaweza kuapa kwamba habari zote anazo mezani, na kweli akawa nazo, huku anasoma moja tu.

Tena kompyuta haifichi udhaifu wetu. Fungua madirisha ishirini ukitaka, herufi unazobofya zitaingia kwenye moja tu, lile lililochaguliwa. Kuona unaweza kuona mawili matatu. Kuandika, unaandika mahali pamoja. Nadhani hapo ndipo fisi alipokwama. Njia kuwa mbili halikuwa kosa. Angeweza kusimama njia panda akazitazama zote mpaka aridhike. Kilichomponza ni kutaka kuzipita zote kwa wakati mmoja.

Sasa kuna kitu kimoja kwenye programu nyingi za kuandikia ambacho watu wengi hawakitumii. Ukiwa ndani ya hati, unaweza kuagiza dirisha jipya la hati hiyo hiyo. Hapo hujatengeneza nakala. Yanatokea madirisha mawili, yakitofautishwa kwa namba tu, moja likionyesha ukurasa wa kwanza, jingine ukurasa wa arobaini. Ukifuta neno huku, limefutika na kule. Nakala mbili zinaweza kwenda kila moja na njia yake na zisikutane tena. Madirisha mawili ya hati moja hayawezi.

Tofauti hiyo, jamani, si ya kompyuta tu. Kila Februari, kumbukumbu ya Vita vya Maji Maji inapokaribia, naandika habari za mji huu. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa Songea viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya sitini, na kumbukumbu yao iko Mahenge, kwenye Makumbusho ya Maji Maji. Dirisha la kushoto huwa na habari zilizotoka kwa watawala: wale watu wanaitwa waasi. Dirisha la kulia huwa na simulizi za wazee, za aina ile ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Gilbert Gwassa, walizikusanya miaka ya 1960: watu wale wale wanaitwa mashujaa. Makadirio ya Kijerumani yanayotajwa mara nyingi kwa vita vyote ni vifo 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Njia rahisi ni kuzifanya nakala mbili. Naandika "kwa upande mmoja", halafu "kwa upande mwingine", naweka nukta, nalala usingizi. Tunauita huo usawa, na mara nyingi ni uvivu uliovaa suti. Waliokufa hawaongezeki wala kupungua kwa kutegemea dirisha lililofunguliwa. Kila mmoja alikufa mara moja, mahali fulani, na watoto wake wakabaki. Hati ni moja. Kama namba mbili zinapishana kiasi hicho, kazi yangu ni kuuliza nani alihesabu, alihesabu nini, na nani hakuwepo wa kumhesabu aliyefia porini akitafuta mizizi ya kula.

Utaniambia: lakini hiyo hati yenyewe hakuna aliyewahi kuiona nzima. Kweli. Tunaiona kwa madirisha tu, na kila dirisha lina kingo zake. Ila kutoiona nzima si sawa na kusema haipo. Anayesema kila mtu ana ukweli wake amempa mnyongaji hati yake ya peke yake, ambayo hakuna neno la aliyenyongwa linaloweza kuifikia. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha. Msamaha huombwa pale tu pande zote mbili zinapokubali kwamba zinaongelea tukio moja.

Na mwisho wa yote lazima niandike. Kishale kiko kwenye dirisha moja, na mbele yake nitabofya ama "waasi" ama "mashujaa". Uchaguzi huo ni wangu, na kufungua madirisha mengi hakuniondolei mzigo. Ninachoweza kufanya ni kulivuta juu lile lililofunikwa muda mrefu kuliko yote na kulisoma mpaka chini, halafu ndipo niandike jina la mtu.