Je, Tumdanganye Mtoto ili Apone?

Nikiwa mazoezini katika wodi ya watoto hapa Uganda, nilimwambia mtoto wa miaka sita, "Haitauma." Nilipomchoma kumwekea dripu, alilia, kisha akaninyamazia. Usiku mkono wake ulivimba: maji ya dripu yalikuwa yakivuja nje ya mshipa. Nilipomuuliza mbona hakusema, aligeukia ukutani.

Wapo wanaosema kwamba uongo wa huruma hauna dhambi. Mimi napinga. Muuguzi hukagua mahali pa sindano mara kwa mara, lakini wa kwanza kusikia maumivu ni mtoto mwenyewe. Tukimdanganya, tunauziba mdomo tunaouhitaji.

Siku hizi nawaambia, "Itauma kidogo, mdogo wangu. Ikiendelea kuuma, niite." Hulia, lakini huniita.