Jembe Unalo, Shamba Liko Wapi?

Ulisema utaanza lini?

Mwezi wa kwanza ulisema ukipata kompyuta nzuri. Mwezi wa nne ukasema ukipata ada ya kozi. Sasa hivi unasema bando limepanda bei. Kila mwezi sababu mpya, na kila sababu ukiishika mkononi inafanana na ya kweli, kama noti bandia iliyochapwa na fundi hodari.

Amka.

Wewe unayefungua tovuti ya hoteli moja hapo mjini kwenu, ukaguna, ukasema moyoni, "Hii ningeitengeneza mimi, ingependeza." Ndiyo, wewe. Nakuamini. Ingependeza kweli. Sasa mbona aliyelipwa ni mwingine?

Wahenga walishamaliza: mchagua jembe si mkulima. Na ubaya wa kazi hii ya kubuni tovuti, ubaya kwako wewe mwenye visingizio, ni kwamba majembe yake mengi hayauzwi. Yanagawiwa bure.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, akifanya kazi CERN, maabara ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, aliandika pendekezo la mfumo wa kuunganisha nyaraka. Huo ndio uliokuja kuwa wavuti. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kuwa programu zake za wavuti ni mali ya umma. Hakuna leseni ya kununua. Hakuna mkubwa wa kumpigia magoti. Mlango uliachwa wazi siku ile, na haujafungwa mpaka leo.

Wewe umesimama kizingitini unasubiri nani akushike mkono?

Fanya jambo moja sasa hivi. Fungua tovuti yoyote unayoihusudu, kisha bonyeza Ctrl na U kwa pamoja. Umeona? HTML ya ukurasa mzima imemwagika mbele yako. Funga hiyo, bonyeza F12. Kivinjari kinakufungulia karakana: gusa kichwa cha habari, kibadilishe rangi, kuza herufi, ondoa picha, tazama nini kinatokea. Humharibii mtu, ukipakia ukurasa upya, kila kitu kinarudi mahali pake. Niambie ufundi mwingine unaokuruhusu kuingia kwenye kazi ya bingwa, ukaifungua skrubu moja moja, na mwenyewe asikufukuze. Seremala wa Keko hakuachii ubomoe kabati la mteja eti unajifunza.

Hiyo ndiyo shule yako ya kwanza, na ada yake ni udadisi tu.

"Kompyuta yangu mbovu." Laptopu ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 4 inaendesha kivinjari na VS Code ya kuandikia msimbo, na hiyo VS Code ni bure tangu Microsoft ilipoitoa mwaka 2015. "Sijui lugha za tovuti." MDN ya Mozilla imeeleza HTML na CSS kipengele kwa kipengele, na freeCodeCamp inakupitisha kwenye mazoezi hatua kwa hatua bila kukudai senti. "Kiingereza changu cha kuombea maji." Hapo sikucheki, maana wengi wetu tumepita njia hiyo. Lakini CSS si riwaya. Ni maneno yale yale yanayojirudia, na yanashikwa kwa mikono kabla ya kushikwa kwa kichwa. Upo mchezo unaitwa Flexbox Froggy: unawapeleka vyura kwenye majani yao kwa kuandika mistari ya CSS, hatua 24 basi. Mtoto wa shule anaumaliza jioni moja.

Wewe jioni yako ya jana uliifanyia nini?

"Bando." Haya, tuliongelee hilo bando. Ukurasa wa HTML uliouandika kwenye kompyuta yako unafunguka bila intaneti kabisa. DevDocs inakuruhusu kupakua maelezo ya HTML, CSS na JavaScript ukayasoma huku mtandao umezimwa. Ukisakinisha XAMPP, inayoigeuza kompyuta yako kuwa seva ya majaribio, unaweza kuweka WordPress ndani ya kompyuta yako na kujenga tovuti nzima ya mteja huku modemu iko kabatini. Unapakua mara moja, unafanya kazi wiki nzima. Bando lako halimalizwi na kazi. Linamalizwa na video fupi fupi za usiku wa manane.

Unajua. Unajua vizuri sana.

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa sababu yupo wewe mwingine, na huyu ananiumiza zaidi. Huyu hana shida ya zana. Figma amefungua akaunti. GIMP ipo, Inkscape ipo. Fonti mia mbili kazipakua kutoka Google Fonts, hata tatu hajawahi kuzitumia, wala kwenye kadi ya harusi. Kozi sita kazianza. Ana orodha ya viungo vya "nitavipitia baadaye" ndefu kuliko foleni ya mwendokasi. Kila ikitoka zana mpya yeye wa kwanza kuijua, wa kwanza kuwasimulia wenzake.

Wewe ni mkulima mwenye stoo ya majembe, huna hata tuta moja la viazi.

Zana haikulipi! Inayolipa ni kazi iliyokwisha, iliyo hewani, iliyobeba jina la mtu mwenye biashara. Kwa hiyo chagua chache, ufunge stoo. Mdogo wangu akiniuliza, namwambia achore kwa Figma au Penpot, aandike kwa VS Code, atunze kila toleo la kazi yake kwa Git. Mengine yatamfuata kazini.

Na kwenye Git nang'ang'ania, nina kovu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na tovuti ya mteja, usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Nikawa nasafisha mafaili ya zamani, nikafuta folda isiyo yenyewe. Wiki tatu za kazi zikaondoka kwa kubonyeza mara moja. Asubuhi nikampigia mteja nikamwambia umeme ulikatika. Umeme haukukatika. Git ilikuwepo tangu Linus Torvalds alipoiandika mwaka 2005, bure, na mimi nilikuwa nimeiona, nikasema nitajifunza baadaye. Baadaye yangu ilinigharimu wiki tatu na uongo mmoja.

Yako itakugharimu nini?

Sasa sogea karibu, maana hapa ndipo pesa ilipo. Unamtengenezea nani tovuti? Usiniambie mwenye saluni. Mwenye saluni ndiye anayekulipa. Anayeitumia ni dada mmoja aliyesimama kituoni saa saba mchana, simu ya bei poa, kioo kina ufa, mtandao unasuasua, anataka kujua kusuka ni shilingi ngapi. Tovuti yako itamfungukia? Picha ya simu za sasa hufika megabaiti 4 au 5. Ukizipanga kumi hivyo hivyo zilivyo, umemlia dada wa watu megabaiti 40 au 50 kabla hajaiona hata hiyo bei. Amekukosea nini?

Fungua Squoosh. Buruta picha ndani, punguza upana uwe pikseli 1200, chagua muundo wa WebP. Picha iliyokuwa megabaiti 4 mara nyingi inashuka chini ya kilobaiti 200, na jicho halioni tofauti. Kazi yote inafanyika ndani ya kivinjari chako. Picha haipelekwi popote. Picha kumi, dakika kumi. Hicho ndicho kinachomtenga mbunifu na mpambaji.

Kisha rangi. Najua unapenda kijivu kile chepesi juu ya weupe, kinaonekana cha kistaarabu ukiwa chumbani umefunga pazia. Toka nje nacho. Jua la Kariakoo halina huruma na maringo yako. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, katika kiwango kinachofuatwa na wengi, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na WebAIM wana kikokotoo cha bure cha kupimia hilo. Unaweka rangi mbili, kinakujibu imepita au imefeli. Kazi ya sekunde tano.

Na hili dogo, ambalo wengi wetu hatulitazami kabisa. Juu kabisa ya HTML yako pana sehemu ya kutaja lugha ya ukurasa. Violezo vingi huja vimeandikwa "en". Tovuti imejaa Kiswahili kitupu, lakini yenyewe inajitambulisha kuwa ya Kiingereza! Programu zinazowasomea wasioona hutegemea alama hiyo kuchagua matamshi. Ukiiacha hivyo, Kiswahili chako fasaha kinaweza kutamkwa kama Kiingereza kilichovunjika mguu. Weka "sw". Herufi mbili. Asipoweka mbunifu wa Kiswahili, unataka aje kutuwekea nani?

Sikudanganyi kuwa kila kitu ni bure. Jina la tovuti linalipiwa kila mwaka, liwe la .co.tz au la .co.ke. Lakini hilo ni la mteja kulipia, na lisajili kwa jina lake, usije ukaligeuza kamba ya kumfungia. Pa kujifunzia kuweka kazi hewani hapakudai kitu: GitHub Pages inabeba kurasa zako za HTML bure. Cheti cha usalama wa tovuti, ambacho zamani watu walikinunua, Let's Encrypt wanakigawa bila malipo tangu mwaka 2015. Na mteja anayetaka kubadilisha bei zake mwenyewe bila kukusumbua usiku, mjengee kwa WordPress, iliyozaliwa 2003 na sasa inaendesha zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani. Programu yenyewe hailipiwi; mteja atalipia jina na seva tu.

Umebakiwa na kisingizio gani?

"Sina mteja." Aa, tumefika. Hicho ndicho kidonda chenyewe. Kompyuta na bando vilikuwa bandeji tu. Unaogopa kugonga mlango. Unaogopa mtu mzima akutazame kuanzia viatuni mpaka kichwani akuulize, "Wewe umeshatengeneza ngapi?"

Basi usiende mikono mitupu. Ipo biashara mtaani kwenu yenye tovuti nzito kama gunia la chumvi lililolowa. Iingize kwenye PageSpeed Insights. Itakupa alama kati ya 0 na 100, na itataja kinachoichelewesha. Halafu jenga ukurasa wake mmoja upya, mmoja tu, mwepesi, unaosomeka kwenye simu. Mpelekee mwenyewe. Weka simu mbili mezani, ya kwake na ya kwako, fungua zote kwa wakati mmoja, unyamaze. Usimponde aliyemtengenezea; huenda ni shemeji yake. Acha zile sekunde ziseme. Mfanyabiashara anayajua maumivu ya mteja anayesubiri kuliko unavyoyajua wewe.

Atakataa? Huenda. Yupo wa pili. Yupo wa tano.

Akikubali, kaza. Karatasi moja: utafanya nini, utarekebisha mara ngapi, atalipa lini. Nusu ya pesa iingie kwenye simu yako kabla hujaandika mstari wa kwanza. Akikuambia "tutaelewana tu, mdogo wangu," tabasamu, shikamoo yake mpe, na karatasi msogezee. "Tutaelewana" imewafilisi mafundi wengi kuliko ukame ulivyowafilisi wakulima.

Wewe una uwezo gani hasa? Hujui. Na hutaujua ukiwa kwenye kochi. Uwezo umelala ndani yako kama mbegu kwenye kibuyu, mwaka wa tatu huu, na mvua zinapita juu ya paa unazisikia. Kuna mtu wa rika lako, mwenye laptopu kuukuu kuliko yako, Kiingereza kibovu kuliko chako, ambaye usiku huu anapunguza picha ya kumi ya mteja wake wa tatu. Hakukuzidi akili. Alikuzidi usiku.

Saa ngapi hapo ulipo?

Saa mbili? Una saa nne nzima kabla ya kulala. Saa tano? Ipo moja. Simu iweke chumba kingine. Fungua VS Code, unda faili jipya, liite index.html. Juu, penye lugha ya ukurasa, andika "sw". Chini yake andika jina la saluni iliyo jirani na kwenu, bei ya kusuka, bei ya kuosha, namba ya kupigia. Usilipambe kwanza. Lifungue kwenye kivinjari. Lifungue kwenye simu.

Saluni wanafungua saa tatu asubuhi. Uwe mlangoni.