Mdaiwa Asiyekopa

Babu yangu wa Maretadu aliletewa wito wa Mahakama ya Mwanzo. Jirani alilalamika kwamba ng'ombe wetu waliingia shambani kwake wakala mahindi, naye anataka fidia. Babu aliona neno moja tu, lililoandikwa mbele ya jina lake: Mdaiwa. Akaikunja karatasi.

"Mjukuu wangu, mimi sijakopa kwa huyu hata debe moja. Nadaiwa nini?"

Nilimweleza kwamba mahakamani kudai si kukumbushia deni. Ni kusema "hii ni haki yangu" kabla mtu yeyote hajakubali. Neno limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuita, uliotupa pia "daawa". "Deni" nalo ni la Kiarabu, lakini mzizi wake ni mwingine. Kiswahili ndicho kilichoyakutanisha: nikisema "fulani ananidai", kila mtu anajua nimekopa.

Waingereza huziita kesi hizi kwa neno la Kilatini linalomhusu raia. Sisi tumeziita kwa kile kinachotafutwa: madai. Basi je, jina limeshamhukumu babu? Sheria inasema hapana. Anayedai ndiye anayethibitisha, na mdaiwa huingia mahakamani akiwa hana deni lolote. Lakini aibu ya babu haikusubiri hukumu.

Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote, ingawa Mahakama za Mwanzo zilikuwa zikikitumia tangu zamani. Nilifurahi, na bado nafurahi. Ila babu anaota kwa Kiiraqw, na Kiswahili chake ni cha mnadani na dukani, mahali ambapo mdaiwa ni mtu aliyekopa akakwepa. Neno geni kabisa lisingemuumiza. Hili lilimuumiza kwa sababu alilielewa.

Nilitaka kuishia hapo, nikiwa upande wake. Usiku nikafikiri tena. Ng'ombe walikula kweli. Mimi mwenyewe niliwatoa. Huenda mkorogo huo wa maneno una busara kuliko maelezo yangu: mtu anaweza kudaiwa bila kukopa, ilimradi amemwachia mwenzake hasara.

Asubuhi nilimkuta babu amevaa koti, fimbo mkononi.

"Walikula mistari mingapi?" akauliza.

Sikujua. Tukaenda kuhesabu.