Mikono Isiyocheza
Katika ngoma ya asili ya Ireland, kinachomtoa mtoto jasho ni mikono isiyocheza. Miguu hujifunza haraka: inaruka, inapishana, inaanza na viatu laini, kisha vile vigumu vya kugonga sakafu. Lakini mikono hubaki ubavuni, mgongo umenyooka, macho mbele. Na mtoto wa miaka sita, tunamjua, hata akisimulia alichokula mchana mikono iko hewani! Ndiyo maana kwenye feis, mashindano ya ngoma hizo, mimi huanza kwa kutazama mabega. Mwalimu mwenye subira hamkaripii mtoto. Humrudisha mwanzo wa jigi, mojawapo ya ngoma hizo, polepole, bila muziki, mpaka mwili wa juu uache kuisaidia miguu.